Ukoka Mlangoni kwa Mama

Kasulu, Jumapili, katikati ya Desemba.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyo na kelele, na baridi imeingia mpaka ndani ya shuka. Sikwenda misa. Nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, na kila nikitazama vidole vyangu naona udongo mwekundu chini ya kucha. Nimeusugua mara mbili kwa brashi ya kufulia. Hautoki.

Nina aibu. Naliandika neno hilo kwanza nisije nikaanza kulizunguka.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kazi yangu. Mimi ni afisa ugani wa kilimo. Nazunguka vijijini kwa pikipiki, nasimama mbele ya wakulima walionizidi umri mara mbili, nawaeleza nafasi kati ya shina na shina la maharage. Somo ninalolipenda kuliko yote ni la magugu. Nang'oa ukoka pembeni mwa njia, navunja pingili moja fupi kama kifundo cha kidole, nainyanyua juu wote waione. Hii peke yake, nawaambia, inatosha kuwaharibia shamba. Mkiikata kwa jembe mmeizalisha. Wazee huitikia kwa vichwa, kwa upole, kama mtu anayesikiliza mtoto akimsimulia njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe.

Mwanzoni mwa Novemba nilikwenda kuupanda ukoka huohuo mlangoni kwa mama yangu.

Mama anaishi kijijini, nje kidogo ya Kibondo, peke yake tangu baba afariki. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na bati, na mbele yake kuna uwanja mwekundu, mtupu, mgumu kama sakafu. Mama huufagia kila siku kabla jua halijatoka. Majirani wote hufanya hivyo. Ufagio huacha mistari kwenye vumbi, na mistari hiyo ndiyo habari ya kwanza ya nyumba: mwenyewe yupo, ameamka, ni mzima. Anayesafiri humwachia jirani ufagio wake ili mistari isikatike. Uwanja ukiota majani, watu wanaopita hupunguza sauti, kwa sababu wanajua hapo hakuna tena mtu.

Hayo yote nayajua. Nimezaliwa ndani yake. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Kwa nini basi? Nina majibu mawili, na nitaandika yote mawili.

La kwanza ni lile nililojiambia. Hapa Kasulu kuna nyumba ya wageni tunakofanyia semina. Ina majani mbele, yamekatwa vizuri, na viti vyeupe juu yake. Kila tukipumzika kunywa chai namfikiria mama amekaa pale na miguu yake inayovimba, viatu kavivua. Nilitaka awe na kitu laini cha kukanyaga.

La pili ni hili. Krismasi iliyopita niliweka mtandaoni picha yangu na mama tukiwa tumekaa uwanjani. Mwenzangu mmoja wa chuo, sasa yuko Dar, akaandika chini yake: jamani, mbona kwenu pamekauka hivyo? Akaongeza vile vikaragosi vya kucheka. Pamekauka. Kibondo, ambako mvua huanza Oktoba na kutuchosha mpaka Mei. Nilimjibu kwa vikaragosi vya kucheka na mimi. Baada ya saa moja nikaifuta picha.

Niliifuta na mama akiwemo.

Mwezi wa kumi mama alikwenda mjini Kigoma kwa dada yangu Goreti, aliyekuwa amejifungua, akae naye miezi miwili. Nikaona nafasi yangu. Mtunza bustani wa ile nyumba ya wageni alinijazia viroba vinne vya ukoka, nikavisafirisha kwa basi, nikashuka navyo Kibondo Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nilianza kwa kuulainisha uwanja. Ardhi iliyofagiliwa miaka yote hiyo ilikataa jembe. Kila nikipiga lililia kama limegonga bati.

Mama Sifa, jirani aliyeachiwa ufagio, alifika nao mkononi, tayari kwa kazi yake ya asubuhi. Akasimama.

"Adela, mwanangu, umepoteza nini humo chini?"

"Napanda majani, Mama Sifa. Sasa na wewe upumzike. Kuanzia leo hapa hapafagiliwi tena."

"Mama yako anajua?"

"Ni siri," nikamwambia. "Usimwambie mtu."

Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka. Aliutazama ufagio, akaenda akauegemeza ukutani karibu na mlango wa mama, kisha akarudi kwake mikono mitupu. Nakumbuka vizuri nilichofikiri wakati ule. Nilifikiri ananionea wivu.

Wiki zilipita. Mvua zilikuwa nzuri, na ukoka haukuhitaji kubembelezwa. Nilirudi mara moja kupalilia, nikakuta umefunika karibu uwanja wote, kijani ile inayong'aa mpaka ukutani, na tayari vijikono vyake vimepanda kizingiti. Nilipiga picha nyingi. Sikuziweka popote. Nilikuwa nasubiri uso wa mama.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku yake ya kurudi. Basi alilopanda Kigoma linapita hapa, kwa hiyo niliomba ruhusa kazini nikapanda nikakaa naye kiti kimoja. Alikuwa ananukia poda ya mtoto. Njiani alinieleza jinsi simu yake ya kitochi ilivyotumbukia kwenye beseni la nepi, sasa zinafika wiki mbili, na jinsi Goreti alivyoifukia kwenye mchele mpaka mchele ukaliwa na simu isiamke. Tulicheka. Sikujiuliza ni nani huku nyumbani aliyekuwa anampigia bila kumpata. Nilikuwa nimebeba siri yangu, inanitosha.

Kibondo tulichukua bodaboda mbili. Nikamwomba dereva wangu atangulie, nikatoa simu nianze kumrekodi mama akifika.

Video hiyo ninayo. Nimeitazama mara moja tu.

Inaanza na barabara, halafu kona, halafu kuna watu wengi kwetu. Wanawake wamesimama pembeni mwa majani, khanga zimefungwa kiunoni, na wawili wana mizigo ya kuni kichwani. Kuna sufuria kubwa la jumuiya, lile la misiba. Nyuma yangu inasikika pikipiki ya mama inazimwa. Kisha sauti yake, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoka na safari:

"Nani kafa?"

Unasikia kuku. Halafu mwanamke mmoja mnene anashusha kuni zake polepole. Ni Mama Yustina wa Gwarama, rafiki ya mama tangu wakiwa wasichana.

"Si wewe?" anasema.

"Mimi?" anasema mama. "Mbona sikuambiwa?"

Kilichotokea nilikuja kukipata baadaye vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na mkono wangu. Mama Yustina alikuja Alhamisi kumsalimia rafiki yake, hajui kama amesafiri. Akakuta mlango umefungwa na majani yamefika kizingitini. Akakimbilia kwa Mama Sifa. Na Mama Sifa akamwambia anachokijua: kwamba mama alikwenda Kigoma, kwamba simu yake haipatikani karibu wiki mbili sasa, na kwamba mtoto wake mwenyewe alikuja akapanda majani mlangoni, akasema hapafagiliwi tena, akasema ni siri.

Mama Yustina alikaa chini palepale barabarani.

Walifikiria kunipigia mimi. Mama Sifa ndiye aliyewazuia. Alisema mtoto akificha jambo kama hilo ana sababu yake, pengine anasubiri mwili ufike, tusimwaibishe. Kwa hiyo hawakunipigia. Walikwenda kuchanja kuni, wakakusanya unga na maharage, wakajipanga kunipokea.

Walikuwa wananihurumia. Kila nikifika kwenye sentensi hii nasimama.

Basi pale uwanjani Mama Yustina alimshika mama uso kwa mikono miwili, akaubonyezabonyeza kama anachagua parachichi, halafu akampiga begani kwa nguvu.

"Nimekulilia tangu jana. Sauti yote imeisha. Nani atanirudishia?"

"Ipumzishe," mama akasema. "Nikifa kweli utanong'ona."

Watu wakaangua kicheko, kile cha kutua mzigo, wengine machozi yanawatoka. Ndipo Mama Yustina akanigeukia mimi na simu yangu.

"Na wewe msomi wetu. Huko chuoni walikufundisha kuotesha au kuzika?"

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka, kwenye video nasikika. Picha inashuka, inaonyesha viatu vyangu, na chini ya viatu majani mazuri sana.

Mama aliyatazama. Alichukua kikapu chake cha dagaa, akazunguka nyumba kwa ukutani, akaingilia mlango wa jikoni. Wote wakamfuata. Wakapika yale maharage ya msiba, wakala, wakamtania marehemu kwamba anakula sana. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga majani, na hakuna aliyewakataza. Mlango wa mbele haukufunguliwa mpaka giza likaingia.

Watu walipoondoka tulibaki wawili jikoni. Nilikuwa nasugua sufuria la jumuiya ambalo lilikuwa limeshasuguliwa. Nilikuwa nasubiri anigombeze. Ingekuwa nafuu.

"Goreti alinisomea yale uliyoandika," mama akasema. "Ya mama yangu."

Wasomaji wa zamani mnayakumbuka. Ni ukurasa uliosomwa kuliko zote hapa. Niliandika jinsi walivyokimbia Burundi mama akiwa mtoto, na jinsi bibi alivyorudi ng'ambo peke yake kwenda kuangalia kama nyumba ipo, akaikuta ipo, ila majani yamefika mlangoni. Hakuingia. Aliyaona akageuka. Niliandika kwamba alipiga magoti akalia, na umande ukalowesha nguo yake. Mlinisifu sana. Mwalimu wangu mmoja wa chuo aliniomba ruhusa awasomee wanafunzi wake.

"Ulisema vizuri," mama akaendelea. "Ila mama hakulia. Kulia umeongeza wewe."

Ni kweli niliongeza. Ilipendeza akilia.

"Alirudi siku ya tatu. Tulikuwa tumehifadhiwa kwa watu, huku huku Kibondo. Hakutueleza kitu. Aliomba ufagio, akafagia uwanja wote wa wale watu, mpaka kwenye migomba. Na ilikuwa mchana."

Akachochea moto kidogo. Kisha akasema nikalale, mwana wanje, nimechoka. Mwanangu, kwa lugha ya nyumbani. Hajaacha kuniita hivyo hata siku ile.

Niliandika vizuri sana kuhusu majani mlangoni. Halafu nikayabeba mwenyewe, viroba vinne.

Asubuhi ya jana niliamshwa na sauti ya jembe mahali ambapo maisha yangu yote nimesikia ufagio. Nilitoka nikamkuta mama ameshafika katikati ya uwanja. Alikuwa hachimbi kwa hasira. Aliingiza jembe chini, akaliinua taratibu, akatikisa udongo, akavuta mizizi yote kwa urefu wake. Nikachukua jembe la pili.

"Acha hilo. Utakata," akasema. "Wewe okota. Kila pingili."

Somo langu lote, kwa maneno saba.

Nikachuchumaa. Niliokota. Pingili ni ndogo, na ikishapakwa udongo mwekundu haitofautiani na kijiti au mdudu. Unapapasa kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Baada ya muda Mama Sifa alifika na jembe lake, akaanza upande wake bila kuniangalia. Alipomaliza mstari mmoja akaniita kwa kidole, nikaenda. Alinionyesha ukoka ulivyopita chini ya michongoma, kamba mbili nyeupe, umeingia kwenye maharage yake.

"Mama Sifa, nisamehe," nikasema.

"Nilifikiri umeona sifai kufagia kwa mama yako," akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe. "Halafu nikafikiri lile lingine, la msiba. Wiki zote hizi nikipita hapa natazama kule."

Nilitaka kumweleza kuhusu viti vyeupe. Nashukuru sikumweleza. Nilipiga magoti kwenye maharage yake nikaifuata ile mizizi kwa vidole mpaka mwisho wake.

Mpaka saa saba mchana tulikuwa tumemaliza. Tulianika lundo juu ya bati bovu ili likauke lichomwe. Uwanja ulikuwa umevurugika, udongo umelegea kama shamba lililolimwa jana. Mama akaenda akauchukua ule ufagio ulioegemezwa ukutani tangu Novemba. Akafagia. Haukuacha mistari, uliburuta udongo tu na kuacha mabonde. Akafagia hivyohivyo mpaka mwisho. Halafu akafungua mlango wa mbele, akaingia nao.

Nilirudi Kasulu kwa basi la alasiri.

Leo nimefungua ule ukurasa wa bibi. Nilitaka kuufuta, kisha nikakumbuka ile picha, nikaona kufuta nimeshafuta vya kutosha. Nimeondoa magoti, nimeondoa machozi na umande. Nimeweka ufagio. Sasa ni mfupi na haupendezi kama ulivyokuwa. Mpaka sasa hakuna aliyegundua.

Kinachoniuma si kwamba sikujua. Asiyejua hufundishwa. Mimi nilijua, nikakigeuza kuwa maneno ya watu kusifia, na nikishakiandika nikakiacha huko kwenye karatasi kama kitu ambacho hakinihusu tena. Ni mangapi mengine ya mama nimeyafanyia hivyo? Nikisimama mbele ya wale wazee na pingili yangu mkononi, wananionaje?

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, kwenye swali. Lakini mama amepiga sasa hivi, kwa simu ya Mama Sifa.

Amesema mvua inanyesha na huko pia. Amesema inagandamiza udongo vizuri, uwanja utarudi, ila itachukua muda. Halafu akasema ameona pingili mbili tulizoziacha, karibu na kizingiti, mvua imezifunua. Kwa mvua hii zitachipua katikati ya wiki.

"Umezitoa?" nikamuuliza.

"Sijazigusa. Ni zako."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi na basi la kwanza.

"Njoo Ijumaa ulale," akasema. "Jumamosi asubuhi utafagia wewe, watu waone."

Sijaamka saa hizo tangu nimalize shule. Nitaamka.